Pimbi na Ngazi ya Bwana Kiboko

Nije?

— Njoo!

Nije mikono mitupu?

— Njoo na uongo!

Uongo wa chumvi au wa sukari?

— Wa sukari!

Wa nyuma sijawasikia. Nyie wa nyuma mmekuja kusikiliza au mmekuja kuegemea ukuta wangu? Wa chumvi au wa sukari?

— Wa sukariii!

Haya. Basi kaeni vizuri, na atakayesinzia nitamtia humu ndani ya hadithi awe konokono.

Hapo kale, kale kweli, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana kwa mikono, palikuwa na mto, na kwenye mto palikuwa na Kiboko. Mkubwa! Akikaa, anakaa mahali pa watu sita. Akipiga mwayo, popo wanaingia wakidhani ni pango. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa mto na wa nchi yote iliyouzunguka. Nani alimpa ukuu? Hakuna aliyekumbuka. Alikaa tu, na kwa vile hakuna aliyeweza kumsogeza, ikawa ndiyo serikali.

Sasa Bwana Kiboko alipenda ugali. Kula alipenda, kusaga hakupenda. Akawaita mafundi wa mbao, wakamchongea gurudumu la mti wa mvule. Gurudumu hilo, ndugu zangu, lilikuwa refu kama mnazi na pana kama ukumbi. Kulizunguka lote kulipigiliwa vipago, vilevile vya ngazi, kimoja baada ya kingine. Na juu ya vichwa vya wapandaji palikuwa na boriti ya kushikilia.

Linafanyaje kazi? Unashika boriti. Unakanyaga kipago, kipago kinazama kwa uzito wako. Unakanyaga cha pili, nacho kinazama. Unakanyaga cha tatu, kinazama. Unapanda, unapanda, unapanda, na uko palepale! Huko chini gurudumu linazungusha jiwe la kusagia, mtama unaingia upande huu, unga unatoka upande ule. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Ndio mlio wake, na ndilo jina ambalo wanyama walilipa. Kwaru.

Mwanzoni Kiboko alisema, "Tutapanda kwa zamu, na unga ni wa wote." Wanyama wakapiga makofi. Wakapanda. Unga ukatoka. Unga ukaenda wapi? Ukaenda njia moja tu, na njia yenyewe ilikuwa na meno. Kesho yake hakuna mnyama aliyekuja kazini.

Kiboko hakujali. Kama hawaji kwa hiari, watakuja kwa makosa. Na makosa, mkuu akiyatafuta, hayakosekani. Swala alikunywa maji upande wa juu, akayatia mate maji ya mkuu: Kwaru! Nyani alicheka msibani: Kwaru! Bi Mbuni alimtazama mkuu kwa jicho moja, na Mungu kampa mawili: Kwaru! Nungunungu alipita mbele ya mkuu bila kulaza miiba: Kwaru! Na kila mmoja alisomewa hukumu ileile, haipungui neno:

"Panda ngazi! Ukifika juu, uko huru!"

Hebu niambieni nyie mnaojua kila kitu. Gurudumu lina juu?

— Halina!

Basi hata wao walijua.

Sheria za Kwaru zilikuwa mbili. Ya kwanza, Kwaru halisimami. Kiboko alizoea kulala mchana akisikia mlio wake, na likinyamaza anaamka. Akiamka ana njaa. Akiwa na njaa, kimbieni. Ya pili, hakuna anayeshuka mpaka mwingine amshikie. Anayekuja lazima ashike boriti, aseme kwa sauti mbele ya askari, "Nashika mimi!" Akishasema, kashika. Hakuna cha samahani, hakuna cha nilikuwa natania. Hata ukitaka kwenda kujikuna unaomba, "Nani anashika?" Mpaka atokee mtu chini ajibu, "Nashika mimi!" Ndipo unashuka.

Basi wakasaga. Wakasaga mtama wa mwaka ule wote mpaka ghala zikabaki na buibui. Mtama ulipokwisha wakadhani wataambiwa shukeni. Wapi! Kiboko akasema, "Endeleeni." Wakasaga nini? Upepo. Nisikieni vizuri: walisaga upepo. Hapa ndipo mimi hasira hunipanda, mniwie radhi. Mtu akichoka kwa ajili ya unga, sawa, angalau kuna kitu kimeingia chunguni hata kama si chake. Lakini umchoshe mtu kwa upepo? Kutwa nzima jiwe linazunguka tupu, na ukienda kutazama kule chini unakuta hata vumbi hakuna.

Na Kiboko alikuwa na mzaha wake. Kila siku, jua likifika utosini, anakuja anayumba, tumbo mbele yeye nyuma. Anasimama chini ya Kwaru, anauliza, "Mmefika juu?"

Nao wanajibu, "Bado, Bwana Mkubwa!"

Basi anacheka. Kho! kho! kho! Anacheka mpaka mashavu yanapigana makofi, halafu anakwenda kulala. Siku zote swali lilikuwa hilohilo na jibu hilohilo. Nao wapandaji wakautungia wimbo. Nitaimba, nanyi mtapokea hiyo kwaru-kwaru:

*Inua mguu, weka mguu,*
— Kwaru-kwaru!
*Tunakwenda wapi? Juu!*
— Kwaru-kwaru!
*Tumefika? Bado tu!*
— Kwaru-kwaru!

Vizuri. Huyo wa kanga ya kijani ana sauti, wengine mnaguna tu.

Sasa kule mlimani, juu ya jabali, aliishi Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo, mnene kidogo, mkia hana, haraka hana. Kazi yake ilikuwa kuota jua. Asubuhi jua liko upande huu wa jabali, Pimbi yuko upande huu. Adhuhuri jua limehamia upande ule, naye kahamia upande ule. Ndiyo ilikuwa kazi yake, na hakuikosa hata siku moja, hata akiwa na mafua.

Jumatatu moja kalala chali, tumbo juu, akasikia kwato. Ko-ko-ko-ko! Ni Ngiri, askari wa Bwana Kiboko, mkia kausimamisha wima. Huyu Ngiri hakuwa mbaya, lakini alikuwa mtu wa amri. Hata chafya hakupiga bila amri.

"Kwa mujibu wa amri," akasema Ngiri, "uko chini ya ulinzi."

"Nilikuwa chini ya jua," akasema Pimbi.

"Ndilo kosa lenyewe."

Akapelekwa mtoni. Bwana Kiboko akamtazama juu mpaka chini, na safari haikuwa ndefu.

"Pimbi. Jua hilo ni la nani?"

"La Mungu, Bwana Mkubwa."

"Linamulika nchi ya nani?"

"Yako, Bwana Mkubwa."

"Kwa hiyo umeota jua langu."

"Nilifumba macho, Bwana Mkubwa. Sikulitazama hata kidogo."

"Na tumbo?"

Pimbi akakuna kichwa. "Tumbo... tumbo lilikuwa wazi."

"Kakiri!" akapiga kelele Kiboko. "Panda ngazi! Ukifika juu, uko huru!"

Desturi ilikuwa anayeingia anamtoa aliyekaa sana, na aliyekaa sana ni Swala. Pimbi hakuifikia boriti kwa ufupi, ikabidi Nyani amfungie kamba ya ukili iliyoning'inia mpaka kwake. Akaishika. Akasema, kwa kisauti chembamba, "Nashika mimi." Alipomaliza tu, Swala karuka, puu! Mbio! Mpaka leo Swala anakimbia, ukimwita hageuki.

Pimbi akapanda. Nyani anakanyaga ndi! ndi! Bi Mbuni anakanyaga pa! pa! Nungunungu anakanyaga na miiba inagongana, chakacha! chakacha! Pimbi naye tap-tap-tap-tap, maana miguu yake mifupi, wenzake wakipiga hatua moja yeye anapiga nne. Saa moja haikuisha akauliza, "Jamani, kupumzika lini?"

"Ukifika juu," akasema Nungunungu.

Siku ya Jumanne Pimbi alijaribu ugonjwa. Akalegea, akatoa ulimi, akaning'inia kwenye kamba kama nguo iliyoanikwa. Kiboko akaja na mzaha wake wa utosini. Ngiri akamwambia, "Bwana Mkubwa, Pimbi anaumwa."

"Asihangaike," akasema Kiboko. "Atapona juu."

Kho! kho! kho! Kaenda kulala.

Siku ya Jumatano mkewe Pimbi akaja. Mama Mashavu alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno marefu. Alisimama nje ya uzio wa miiba, mikono kiunoni.

"Baba Mashavu! Shuka hapo!"

"Siwezi, mke wangu. Hakuna wa kunishikia."

"Unajua leo siku gani?"

"Jumatano."

"Na harusi ya mwanao siku gani?"

Pimbi akakosea kipago, nusura aanguke. Harusi ya Mashavu ilikuwa Ijumaa. Hakusahau, jamani, msimseme vibaya. Alikuwa anajikaza asikumbuke.

"Kadhi Korongo nimemwendea," Mama Mashavu akaendelea. "Nimemwambia baba yake yuko kwenye adhabu, amwozeshe tu mtoto. Kanijibu kwamba baba wa binti yu hai, hajasafiri nchi ya mbali, akili zake timamu. Asipokuwepo, ndoa haifungwi. Na wakwe wametoka mlima wa pili, siku mbili njiani. Wameniambia kwa adabu, lakini wameniambia: Ijumaa isipofungwa wanarudi kwao, na huko kwao wana binti mwingine wameshamtazama."

"Na Mashavu mwenyewe?"

Sauti ya Mama Mashavu ikashuka. "Katiwa hina mkono mmoja. Wa pili kaukataa. Anasema mpaka baba aje."

Pimbi akazidi kukanyaga. Tap-tap-tap-tap. Machozi yanamtoka na hawezi kuyafuta, mikono yote iko kwenye kamba. Alimpenda sana huyo binti. Ndiye mtoto wake wa pekee aliyeamka naye mapema kwenda kuota jua. Alipoona mkewe anaondoka bila kumsuta tena, akajua mambo yamekuwa mabaya kweli, maana Mama Mashavu hakuwa na desturi ya kuondoka kabla ya kumaliza.

Kiboko alipokuja adhuhuri ile, Pimbi akamwomba.

"Bwana Mkubwa, nipe ruhusa ya siku moja tu. Namwozesha binti yangu."

"Hongera," akasema Kiboko. "Weka mtu."

"Sina mtu."

"Basi binti yako atasubiri mpaka ufike juu. Mmefika?"

"Bado, Bwana Mkubwa!" wakajibu wote.

Kho! kho! kho!

Lakini safari hii Pimbi hakumsikiliza kicheko, alimtazama miguu. Miguu ya Kiboko ilikuwa minene, laini, haina hata sugu moja. Pimbi akawauliza wenzake, "Huyu bwana ameshapanda hili Kwaru?"

"Yeye? Apande?" akasema Bi Mbuni. "Tangu lijengwe hajagusa kipago."

"Basi juu anakujua vipi?"

"Hakuna juu, Pimbi. Wewe mwenyewe unaona."

"Mimi naona. Yeye haoni. Yeye hutuuliza sisi." Pimbi akapanda vipago vichache, tap-tap, kisha akasema, "Kesho akituuliza, jibuni tumefika. Kisha tafuneni."

Nyani akacheka, kwa mazoea yake. "Tutafune nini, na hapa hata punje hakuna?"

"Upepo," akasema Pimbi. "Si tumeusaga wenyewe?"

Alhamisi ikafika. Jua likafika utosini. Bwana Kiboko huyo anakuja, tumbo mbele yeye nyuma, Ngiri pembeni mkia juu. Akasimama pale pale pake. Akaliandaa cheko lake kabisa, akavuta pumzi.

"Mmefika juu?"

"Tumefika, Bwana Mkubwa!"

Cheko likamkwama. Kh...! Akakohoa. Akatazama juu. Wapandaji wanne wanapanda taratibu, macho wameyalegeza, na midomo inatafuna. Nyamu, nyamu, nyamu. Nyani analamba kidole kimoja kimoja. Nungunungu anachokonoa meno kwa mwiba wake mwenyewe. Bi Mbuni akacheua, mbweee! Akajifunika mdomo kwa bawa. "Samahani, jamani. Nimezidisha."

"Mnakula nini?" akauliza Kiboko.

"Hatuli kitu, Bwana Mkubwa," akajibu Pimbi haraka, akameza, gulu! Akajipangusa mdomo begani.

Mnajua mtu mlafi ukimwambia "hatuli kitu" anasikia nini? Anasikia jikoni.

"Ni tikiti?" akauliza Kiboko, pua zimepanuka.

"Mimi sikutamka tikiti, Bwana Mkubwa."

"Kwa hiyo ni tikiti! Jekundu ndani?"

Pimbi akalamba midomo. Nyani akasema kwa kunong'ona, kunong'ona kule kunakosikika mpaka ng'ambo ya mto, "Pimbi, lile la mwisho tumgawie nani?"

Hapo sasa Kiboko mate yakamtoka, yakatiririka kifuani. Angesema "hakuna kitu juu, ngazi haina juu", angekuwa amekiri mbele ya askari wake kwamba hukumu zake zote zilikuwa uongo. Angenyamaza, matikiti yangekwisha. Na alishauliza "mmefika juu?" siku nyingi mno. Kila siku amelitaja hilo juu, mpaka na yeye tumbo lake likaanza kuliamini.

"Katika nchi hii hakuna anayekula kabla yangu!" akanguruma. "Shukeni!"

"Tushuke vipi, Bwana Mkubwa?" akauliza Pimbi kwa unyenyekevu. "Hatujapata wa kutushikia."

"Kwa mujibu wa amri," Ngiri akadakia, "Kwaru halisimami."

Kiboko akamgeukia. "Basi panda wewe, Ngiri. Uniletee."

Pimbi moyo ukamruka paa! Ngiri akipanda tu, mambo yamekwisha, ataona hakuna kitu. Lakini Pimbi akachekelea, akasema, "Vizuri sana! Njoo, Ngiri. Mkia wako umekonda, njoo unenepe."

Kiboko akamtazama Ngiri. Akayatazama meno ya Ngiri yaliyotoka nje. Akakumbuka kwamba wiki iliyopita sufuria ya ukoko ilikutwa imelambwa.

"Kaa hapo hapo ulipo," akasema. "Nakwenda mwenyewe. Nawashikia wote wanne, washuke!"

Akapanda jukwaa la kupandia gurudumu, mbao zikalia mama yangu wee! Akashika boriti kwa mikono miwili, na kwa sauti ya kutisha ndege akasema:

"Nashika mimi!"

"Imesikika," akasema Ngiri.

Puu! Nyani kashuka. Pa! Bi Mbuni kashuka. Chakacha! Nungunungu kashuka. Pimbi akaachia kamba, akadondoka kwenye majani, akabingirika, akalala chali kidogo kwanza, maana hata kwenye hatari mtu huwa na desturi zake.

Sasa nyie mnajua ngazi za nyumbani, ngazi zinakungoja. Kwaru halingoji. Mwepesi akipanda, kipago kinashuka polepole. Mzito akipanda, kipago kinakimbia. Na Bwana Kiboko alikuwa mzito kuliko wote waliowahi kulikanyaga, ukiwaweka pamoja na mizigo yao. Gurudumu halikusema tena kwaru, kwaru. Lilisema:

Kwarukwarukwarukwarukwaru!

Kiboko akakimbia. Miguu ile laini, minene, inapiga vipago, bubu-bubu-bubu! Asipokimbia, ataburutwa chini mpaka kwenye jiwe. Kwa hiyo anakimbia.

"Matikiti yako wapi?"

"Endelea juu, Bwana Mkubwa!"

"Sijayaona!"

"Juu kidogo!"

Hooo! Haaa! Hooo! Haaa! Jasho linamtoka, limechanganyika na mate, jukwaa limelowa. Ndipo alipokumbuka sheria yake mwenyewe.

"Nani anashika?" akaita.

Kimya.

"Nyani! Nani anashika?"

Nyani anacheka, hawezi kujibu.

"Ngiri! Askari wangu! Shika!"

Ngiri akasimama wima, mkia wima. Kwa kweli alimhurumia bwana wake, machozi yalimlenga. Lakini akasema, "Kwa mujibu wa amri yako, Bwana Mkubwa, askari haachi lindo."

Pimbi akasogea chini ya gurudumu, akaweka mikono nyuma, akauliza kwa upole kabisa:

"Umefika juu?"

"Bado!" akalia Kiboko.

Uwanja wote ukaangua kicheko. Na habari ikakimbia kuliko Swala. Wanyama wakaja na vikapu vichwani. Jiwe si linazunguka? Basi lizunguke na kitu. Huyu kaleta kisahani cha mtama aliokuwa ameuficha chini ya kitanda, yule kaleta mahindi ya mbegu, na Mama Mashavu akaja mbio na mchele wa vitumbua vya harusi, anasukuma watu kwa viwiko. "Nipisheni, mimi mwenye shughuli!" Unga ukatoka mweupe, laini, wa moto. Siku ile kila nyumba ilisagiwa, na kila mmoja aliondoka na unga wake mwenyewe. Wazee waliushika mkononi, wakaunusa.

Alasiri, mhimili wa Kwaru ukachoka. Kraaa! Ukavunjika. Gurudumu likatoka mahali pake, na Bwana Kiboko bado kaling'ang'ania, likashuka ukingoni, bingiri, bingiri, bingiri, chubwiii! Ndani ya mto. Toka siku hiyo Kiboko kutwa nzima yuko majini, anaipoza miguu. Mkimwona ametoa kichwa na kufunua domo lile pana, anaita, "Nani anashika?" Mmeshawahi kumsikia mtu akimjibu?

— Hatujasikia!

Ijumaa sasa. Mlimani watu wamejaa, pilau inanukia, wakwe wamekaa mkekani na sura za kungoja. Kadhi Korongo kasimama kwenye baraza la mawe, na baraza hilo lina vidato vitatu. Mashavu amekaa huko juu, kafunikwa shela. Korongo akauliza, "Baba wa binti yupo?"

Wakwe wakatazamana. Mmoja akaanza kutafuta viatu vyake.

"Baba wa binti yupo?"

"Nipo!"

Pimbi huyo anakuja, anachechemea, miguu imevimba, anashika bega la huyu, anashika bega la yule. Akafika mbele ya baraza. Akatazama vidato vitatu vile. Akasimama.

"Panda, Mzee Pimbi," akasema Korongo.

"Hapana."

"Ni vidato vitatu tu."

"Hata kimoja," akasema Pimbi. "Kadhi, nakuheshimu, wakwe nawaheshimu, lakini mimi ngazi sipandi tena."

Watu wakashindwa wacheke au wakasirike. Korongo akakuna shingo kwa mdomo wake mrefu, na katika vitabu vyake vyote hakulikuta jambo hilo. Ndipo Mashavu akafunua shela, akamwona baba yake pale chini, mdogo, mchovu, na mavumbi ya unga masikioni. Akasimama. Akashuka kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, akamkumbatia. Bwana harusi naye akashuka. Korongo akakunja kanzu, akashuka. Harusi yote ikashuka, na ndoa ikafungwa chini, kwenye majani.

Kila hadithi ina funzo lake, na hii nayo ina lake, fungueni masikio. Watoto, mkubwa akiwaambia pandeni, pandeni! Msiulize juu kuna nini, yeye anajua. Msilale juani, uvivu unaharibu maisha. Na mdomo mtupu msiutafunishe mbele za watu, ni utovu wa adabu. Pimbi alifanya yote hayo, na mmeona wenyewe yaliyomkuta maskini: kaozesha binti, kala pilau sahani tatu, kalala mpaka Jumapili. Basi muwe waangalifu.

Uongo umekwisha?

— Umekwisha!

Umedondoka wapi?

— Mlangoni kwako!

Basi urukeni mkitoka, msiukanyage, nitaufagia mwenyewe.